Nyumba ya Mama na Mwanya wa Pimbi

Nyumba ya kwanza niliyoichora na ikajengwa kweli ilikuwa ya mama yangu. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi na kupata kazi ya kuchora ramani za majengo Singida Mjini, na kaka yangu naye alikuwa ameanza kazi Mwanza. Tukakubaliana kwamba mama atoke kwenye tembe.

Tembe lenyewe alilijenga baba kabla mimi sijazaliwa: kuta nene za udongo, na paa la bapa la magogo na fito lililofunikwa udongo juu. Baba alishafariki, mchwa walikuwa wamekula nguzo, na mvua ikizidi paa lilivuja hadi kitandani. Tukalibomoa. Mahali pake nikachora nyumba ya vyumba vitatu, tofali za saruji, madirisha makubwa ya vioo, dari nyeupe na bati jekundu linaloonekana ukiwa bado barabarani. Siku mama anaingia, wanawake wa kitongoji walipiga vigelegele. Nilisimama uani nikitazama pembe za kuta zilivyonyooka, nikajiona nimemaliza deni la mtoto kwa mzazi.

Kijiji chetu kiko nje kidogo ya Ikungi, upande wenye mawe. Kwa miaka mingi baada ya hapo nilikuwa nakuja kumwona mama Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili asubuhi na mapema. Nilimkuta uani, tukala uani, tukalala, nikaondoka. Sikuwahi kukaa ndani ya nyumba ile saa saba mchana, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mama yuko uani kila mara.

Jibu nililipata mwaka nilipofanyiwa upasuaji wa tumbo. Daktari aliniambia nisiiname, nisibebe kitu, nilale nipumzike. Mama akasema njoo kwangu. Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua bado, upepo mkavu unavuma toka mashariki na majani yote yamekwisha. Akanitandikia kwenye chumba cha mbele, kile chenye dirisha kubwa kuliko yote, ambalo nilikuwa nimelichora kwa fahari.

Siku ya kwanza, kufika saa nne asubuhi, nilianza kusikia bati likilia juu ya dari, pa, pa, linavyotanuka kwa jua. Saa sita shuka lilikuwa limeloa. Saa nane nilikuwa nalala sakafuni juu ya saruji, kidonda kinawasha kwa jasho, nikitazama dari niliyoichora mwenyewe. Nikamwita mama. Akaitikia kutoka mbali, nje.

Nikajikokota hadi mlangoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wa nyuma ya nyumba, penye kivuli chembamba cha ukuta, anapepeta uwele. Pembeni yake palikuwa na mkeka wa kuswalia, ndoo ya maji, sufuria, na kapu la nguo za kushona. Vyombo vyake vyote vya mchana vilikuwa pale.

"Mama, kwa nini hukai ndani?"

"Mimi nimezoea nje, mwanangu."

"Kila siku?"

Akapeperusha makapi. "Asubuhi nakaa upande ule wa mlango wa jikoni. Adhuhuri nahamia hapa. Alasiri nakwenda kule kwenye mawe. Jua likizama naingia ndani."

"Tangu lini?"

"Tangu mlivyonijengea," alisema, kwa sauti ile ile ya kusema tangu jana. Kisha, alipoona uso wangu, akaongeza upesi, "Nyumba yako nzuri sana. Wageni wakija wanaisifu."

Sikulia mbele yake. Nilirudi ndani nikakaa sakafuni, na ukweli ni kwamba sikuona hasira wala huzuni kwanza, niliona aibu. Kwa miaka yote ile mama alikuwa anahama na kivuli kuizunguka nyumba yangu, na hakusema neno kwa sababu mtoto wake ndiye aliyeichora.

Kuanzia siku ya pili nilifanya kama yeye. Alinibebea godoro, tukawa tunahama pamoja. Alasiri tulikaa karibu na yale mawe mawili nyuma ya nyumba, makubwa, marefu kuliko paa, yameegemeana kama watu wanaonong'onezana, katikati pana mwanya ambao mtu mwembamba anaweza kupita kiubavu. Hapo waliishi pimbi, wanyama wadogo wa mawe, ukubwa wa sungura. Mama aliwachukia kwa sababu walimaliza mchicha wake. Mimi, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, nikawa nawatazama.

Asubuhi walilala juu ya mawe wakiota jua, wamejilaza kama marundo ya nguo zilizoanguka kambani. Jua likipanda, waliondoka mmoja mmoja. Nilidhani wanakwenda kwenye kivuli cha jiwe, kama sisi. Hapana. Waliingia kwenye mwanya. Jua likiwa kali kupita kiasi, hakuna pimbi hata mmoja aliyeegemea jiwe kwa nje, hata penye kivuli. Wote walikuwa kati ya mawe mawili.

Siku ya tano au ya sita niliweza kutembea bila kushika tumbo. Nikaenda nikaingiza mkono kwenye mwanya. Upepo ulipita kwenye vidole vyangu, mwembamba, wa baridi, kama umetoka mtungini. Hatua moja nyuma yangu hewa ilikuwa ya moto. Nikaingiza mkono wote hadi begani na kubaki vile muda mrefu, hadi mama akaniuliza kama nimenaswa.

"Mama, nataka kukujengea chumba."

"Ninavyo vitatu."

"Kidogo. Kimoja tu. Cha mchana. Hapa, kando ya jiwe."

Nikamweleza. Ukuta wa udongo, mnene, kama wa baba. Usiguse jiwe, uachie nafasi upana wa bega, ili kivuli na upepo vikae katikati. Paa la udongo kama la tembe, na juu yake bati, lakini bati lisilale juu ya udongo. Liinuliwe, upepo upite kati yake. Bati lizuie jua na mvua, udongo uzuie joto la bati. Kila penye joto, pawe na mwanya.

"Nani kakufundisha hayo? Chuoni?"

Nikaonyesha mawe kwa kidevu.

"Wale wezi wa mboga zangu?" Mama akacheka hadi akaweka ungo chini. "Haya. Jenga tuone."

Ofisini kwetu watu huita mkoa wetu ukanda wa nusu jangwa, na niliporudi kazini nikaandika juu ya karatasi yangu: nyumba ndogo ya majaribio, nchi kame. Mama alipoisikia ile habari ya jangwa alichukia kidogo. "Jangwa ni kwa watu wa mchanga na ngamia. Sisi tunalima uwele hapa, tunalima alizeti. Andika nyumba ya joto." Nikaandika hivyo.

Ramani ile niliichora mara nyingi kuliko ramani yoyote ya maisha yangu, na haikuwa na chumba zaidi ya kimoja na baraza. Mara ya kwanza niliweka matundu ya kutolea hewa ya moto juu ya ukuta wa kaskazini. Mama akaitazama karatasi, akaigeuza, akauliza kaskazini ni wapi. Nilipomwonyesha, akatikisa kichwa.

"Huko ndiko kibla. Siwezi kuswali natazama matundu. Ukuta huo uache mtupu."

Nikayahamishia kusini.

Shida ya kwanza kubwa ikawa fundi. Kijijini alibaki mzee mmoja tu aliyewahi kujenga tembe alipokuwa kijana, naye kwa miaka mingi alikuwa amejikita kwenye tofali za saruji. Nilimfuata kwake.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Nasikia unataka kumrudisha mama yako kwenye tembe."

"Si tembe, baba. Ni..."

"Ukuta udongo?"

"Udongo."

"Paa udongo?"

"Udongo, na bati juu."

"Basi ni tembe lililovaa kofia." Akaikunja karatasi yangu vizuri akanirudishia. "Mimi nilijenga tembe wakati watu hawakuwa na uwezo. Sasa nikijenga tena, watasema fundi amezeeka, na mtoto wa kike amesoma hadi akachanganyikiwa."

Sikubishana naye. Nilimwomba aje tu aone mahali. Alikuja kesho yake, mchana, nami nikamwambia aingize mkono kwenye mwanya wa mawe. Aliingiza. Akautoa, akautazama, akauingiza tena. Halafu akaanza kupiga hatua kutoka kwenye jiwe, anahesabu kimyakimya, na nikajua nimempata.

Kaka yangu alikuwa mgumu zaidi. Mtu alishampigia simu hata kabla msingi haujachimbwa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Hivi wewe unafanya nini huko? Nimeambiwa unamjengea mama nyumba ya matope nyuma ya nyumba. Nyuma, kama banda la mbuzi."

"Ni ya mchana tu, kaka. Ile nyumba yetu ina joto. Mama hakai ndani."

"Mama hajawahi kuniambia kuna joto."

"Hata mimi hakuniambia."

Nikasikia watu na pikipiki za Mwanza nyuma ya sauti yake. "Tulihangaika kumtoa kwenye udongo," akasema hatimaye, "na wewe ndiye unamrudisha." Akakata simu. Tulikaa miezi kadhaa tukisalimiana tu kwa ujumbe.

Tulijenga wakati wa kiangazi kilichofuata, mimi nikija kila mwisho wa wiki na siku zangu zote za likizo. Fundi alifyatua tofali mbichi, akazipanga kuwa ukuta wenye upana wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Magogo ya mkaratusi tuliyapaka oili chafu mara tatu ili mchwa wasiyaguse. Kuhusu mwanya wa nyuma mama aliuliza swali ambalo sikulifikiria hata kidogo: nyoka je? Kwa hiyo tukatandaza kokoto kali chini na kuziba pande zote mbili kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo. Pimbi walitazama kutoka juu wakipiga kelele zao, nadhani kwa kuona wamenyang'anywa ujirani.

Kupaka kuta walifanya wanawake. Mama aliwaita wenzake, wakachanganya udongo wa kichuguu, mchanga, majivu na samadi mbichi ya ng'ombe, wakapaka kwa viganja huku wanaimba kwa Kinyaturu na kusemana. Nilivaa kanga ya zamani nikaingia nao. Mikono yangu ilikuwa ya kalamu. Nilipopaka mimi, udongo ulidondoka. Bibi mmoja aliusukuma mkono wangu pembeni akaniambia nibonyeze kwa kisigino cha kiganja, si kwa vidole. Nilipopatia, alisema tu, "Eee." Sijawahi kupata sifa ofisini iliyonifurahisha kama ile.

Nyumba ilikwisha mwezi wa tisa, na kwa majuma mawili ya kwanza haikufaa.

Kosa lilikuwa langu. Nilitaka upepo uingie, na upepo wetu unatoka mashariki, kwa hiyo niliweka matundu mapana chini ya ukuta wa mashariki, kuutazama uso kwa uso. Upepo uliingia kweli. Uliingia na vumbi la barabara, na makapi ya alizeti kutoka kwa majirani waliokuwa wanapepeta, na siku moja uliingia na mfuko wa plastiki. Nilipofika Jumamosi nilimkuta mama kwenye kigoda chake cha nje.

"Kuna baridi ndani," alisema kwa upole. "Ila uji wangu una mchanga."

Nilikaa uani nimeshika kichwa. Fundi alikuja, akatazama, hakucheka, jambo ambalo lilinikera zaidi ya kama angecheka. Mama ndiye aliyesema, wala hakuwa anatafuta suluhisho. Alikuwa analalamikia mchicha wake. "Hao walimu wako wamekula tena. Nikiwafukuza wanakimbilia ubavuni mwa jiwe, sijui wanapita wapi, maana mbele hawaingii kamwe."

Nikainuka nikaenda kutazama. Alisema kweli. Mdomo wa mwanya wao unaoelekea mashariki ulikuwa umejaa vumbi na majani makavu. Upepo ulikuwa unapiga jiwe, unadondosha uchafu wake pale chini, halafu unazunguka na kuingia kwa ubavuni ukiwa safi. Pimbi walipita huko huko.

Tuliziba matundu ya mashariki siku ile ile. Fundi akatoboa mengine, madogo, chini ya ukuta wa nyuma, ule wa magharibi unaotazamana na jiwe. Hewa iliyokuwa imetulia kivulini kati ya ukuta na jiwe ikaanza kuingia ndani polepole, bila kelele, na ya moto ikatokea juu, kusini. Tulikaa chini watatu, mama, fundi na mimi. Fundi akanyanyua mkono karibu na tundu la chini.

"Inapumua," alisema.

Nilikuwa nimeazima kipimajoto, nikaandika namba zangu kwenye daftari. Mama hakuziamini. Yeye alichukua chupa mbili za samli ya jirani, akaweka moja kwenye nyumba ya bati na nyingine kwenye chumba kipya, akaenda zake kuchota maji. Saa nane alizileta zote uani. Ya nyumba ya bati ilikuwa imeyeyuka, inachezacheza kama mafuta ya alizeti. Ya chumbani ilikuwa imeganda vile vile. Aliipindua chupa juu chini, samli haikusogea. Akaizungusha kitongoji kizima ile chupa, nyumba kwa nyumba, ameipindua juu chini.

Kaka alikuja mwezi wa kumi na mbili, likizo, na mkewe. Mvua zilikuwa zimechelewa. Alinisalimia vizuri lakini hakuutazama upande wa mawe. Alipeleka begi lake kwenye chumba cha mbele cha nyumba kubwa, akatandika, akajilaza kupumzika safari. Mimi na mama tuliendelea kuchambua mboga kwenye baraza jipya. Hatukupeana hata jicho.

Haikupita saa moja akatoka, shati limemganda mgongoni. Akasimama mlangoni pa chumba kidogo.

"Mama, humo ndani kuna mtu?"

"Hakuna. Ingia."

Aliingia. Tulimsikia akipapasa ukuta, kisha kitanda cha kamba kikalia. Alilala hadi adhana ya alasiri. Alipotoka alikaa karibu nami, uso umejaa alama za kamba.

"Inanukia kama kwa baba," alisema.

"Ni udongo ule ule."

"Kwa nini hukuniambia itanukia hivi? Nisingegomba."

Hata mimi sikuwa nimelijua hilo nikichora. Mama akamsogezea bakuli la karanga. Siku zilizobaki za likizo yake tulikuwa tunagombea zamu ya kulala mchana, watu wazima na ajira zetu, na mama ndiye aliyetuamulia.

Mvua zilipokuja, ziligonga bati la juu usiku na mchana, na udongo wa chini yake haukupata tone. Mama akaanza kulala humo kabisa. Nyumba kubwa siku hizi inahifadhi magunia ya alizeti, na inapokea wageni wanaokuja na viatu vya mjini. Jirani yetu aliyejifungua mwezi wa kwanza analeta mtoto wake mwenye vipele vya joto kila mchana. Mama anamweka kwenye kitanda cha kamba na kumfukuza mama mtu akapike.

Mwaka huu mume wa jirani huyo alimwendea fundi, akataka chumba kama kile. Kwake hakuna jiwe. Mimi nilisikia habari hizo ukuta ukiwa umeshafika kiunoni, maana hakuna aliyenifuata kuomba ramani, nikapanda bodaboda nikaenda kuona. Nilikwenda nimejiandaa kusahihisha.

Fundi alikuwa amejenga kuta mbili upande wa magharibi, moja nje na moja ndani, na kati yake ameacha mwanya. Mwanya wenyewe ulikuwa mpana kuliko wangu chini na mwembamba juu. Nikamuuliza kwa nini.

"Ule wako ni sawa sawa juu na chini," alisema, anafuta mwiko kwenye suruali. "Wa mawe sivyo ulivyo. Nilikwenda nikautazama tena."

Niliinama, safari hii bila kuhofia tumbo, nikaweka kiganja kwenye tundu la chini. Ukuta ulikuwa bado mbichi, paa hakuna, na hewa ilikuwa tayari inatembea, kwa nguvu kuliko ya chumba cha mama. Nikamwomba fundi ashike ncha moja ya futi kamba. Akaishika, nami nikatoa daftari nikaanza kuandika vipimo vyake.